Malalamiko Kuhusu Kitambi cha Mkwe Wangu, Ambacho Hakikwisha Kama Mlivyotangaza

Kwa Meneja wa Matangazo,
Kampuni ya Vidonge vya Bakteria Rafiki.

Ndugu Meneja,

Salamu nyingi zikufikie, nikiamini kwamba wewe mwenyewe unameza unachokitangaza na kwamba tumbo lako limetulia. La kwangu halijatulia, ila hilo tutalifikia.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na duka la dawa, na dirisha la duka hilo mmelibandika tangazo lenu kubwa, kiasi kwamba kila nikiinua macho kutoka kwenye cherehani nakutana na yule daktari wenu anayetabasamu. Nimelisoma tangazo hilo kuliko mtu yeyote mjini, pengine kuliko aliyeliandika. Linasema: KITAMBI KWISHA NDANI YA WIKI TATU. UHAKIKA. Chini yake mmeahidi usingizi mnono, ngozi nyororo na amani ya ndoa.

Jumamosi hii binti yangu wa pekee anaolewa. Baba wa bwana harusi, ambaye humu nitamwita Mkwe, ni dereva mstaafu wa malori, mtu wa heshima na wa kitambi. Alinipa kazi ya kumshonea suti, kwa kitambaa cha kijivu alichokihifadhi kabatini tangu mwanawe azaliwe, akiisubiri siku hii. Ni kipande kimoja tu, na hakuna kingine. Siku hiyohiyo alinieleza kwa furaha kwamba ameanza vidonge vyenu. Suti nimeishona, na haifungi. Mkwe hasemi nami, na binti yangu amejifungia chumbani analia. Jamani, mtoto analia wiki ya harusi yake! Ndiyo maana nimeshika kalamu, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kitambi. Nilimpima Mkwe kama anavyopimwa mtu yeyote, nikaandika, kisha nikainua macho nikasoma tangazo lenu. Harusi ilikuwa wiki tatu mbele, nanyi mlisema wiki tatu. Nikajiuliza, kwa nini nimshonee mtu suti ya kitambi ambacho siku ya harusi hakitakuwepo? Nikashika mkasi, nikakata suti ya tumbo mlilotangaza. Ubaya zaidi ni kwamba sisi mafundi huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ili mtu akinenepa tuufungue tumwongezee. Marehemu mjomba wangu alinifundisha hilo kabla hajaniruhusu kugusa cherehani. Safari hii sikuacha akiba hata ya ukucha. Kuacha akiba kungekuwa sawa na kuwaita nyinyi waongo, na sikuwa na ushahidi.

2. Neno "uhakika". Mimi nikimwambia mteja njoo Ijumaa bila wasiwasi, sote wawili tunajua kwamba hayo ni mazungumzo tu. Yeye haji Ijumaa, nami sijaanza kukata. Tunaelewana na maisha yanaendelea. Lakini sijawahi kuandika Ijumaa kwenye bango, kwa herufi nyekundu, nikaweka na picha ya daktari.

3. Daktari. Koti lake jeupe nimelishona mimi. Nililitambua kabla ya kumtambua aliyelivaa, kwa sababu mfuko wa kushoto umekaa chini kidogo kuliko wa kulia, kosa la siku umeme ulipokatika nikamalizia kwa kupapasa. Koti hilo nilimshonea muuza nyama wa sokoni. Kumwangalia vizuri, kumbe ni yeye mwenyewe, amevishwa miwani. Usidhani nalalamika kwamba mmemfanya muuza nyama kuwa daktari. Hasha! Hilo ndilo lililonipa imani. Mtu aliyeosha matumbo maisha yake yote, nani atabishana naye habari za matumbo? Ninacholalamikia ni kwamba nilipokwenda buchani kumshtakia, alisema hajawahi kumeza kidonge chenu hata kimoja, kwa sababu tumbo lake halipatani na vitu asivyovijua. Mlishindwa hata kumwonjesha?

4. Bakteria wenyewe. Kopo linasema kila kidonge kina mabilioni, na wote wako hai. Mkwe hakuwafanyia mzaha. Aliacha chai ya moto asije akawaunguza, akaacha pilipili asije akawatoa machozi. Mkewe anasema aliacha hata kufoka nyumbani, akihofia kuwashtua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wenu wamekaa wiki tatu, wamekula, wamelala, na jembe hawajaligusa. Tena kitambi kimeongezeka, nami nimefikiri sana nikaona sababu. Mabilioni yote hayo yanakaa wapi kama si humohumo tumboni? Tangu lini nyumba ikapungua kwa kuongezewa wapangaji?

5. Maandishi madogo. Chini ya kopo kuna maneno. Mimi natia uzi kwenye sindano bila miwani, lakini maneno hayo ilibidi niazime kioo cha fundi saa ndipo niyasome. Yanasema matokeo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kwamba vidonge hivi havikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Haya, kama huo ndio ukweli wenyewe, kwa nini usibandikwe dirishani kwa herufi nyekundu, na ile KITAMBI KWISHA mkaificha chini ya kopo tukaitafute kwa kioo?

6. Amani ya ndoa. Siku ya kujaribisha suti Mkwe alikuja kibandani na mkewe na dada yake. Alivuta pumzi, kifungo kikakataa. Akavuta tena, kifungo kikaruka kikatumbukia kwenye kikombe cha mke wangu. Dada yake akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniua. Mkwe alisema nimemshonea suti ya mtoto makusudi, ili nimsimange kwa tumbo lake mbele ya watu wake. Akatoka na fulana ya ndani, akakatiza barabara hivyohivyo. Sasa anasema Jumamosi atabaki nyumbani. Mwanawe anasema haoi bila baba yake kuwepo. Binti yangu ndiyo huyo, mlango ameufunga kwa komeo. Mke wangu amehamia mlangoni kwake na blanketi letu, na kila nikipita ananiuliza kama futi kamba niliinunua ya nini. Hiyo ndiyo amani ya ndoa iliyotufikia huku. Imeharibu mbili, yangu na ambayo haijaanza.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima zote, mfanye mojawapo ya haya. Ama mtuletee tumbo mlilotangaza kabla ya Jumamosi asubuhi, kitambaa kingine sina. Ama wewe mwenyewe Meneja uje, uketi na Mkwe, umweleze kwamba aliyekosea vipimo si fundi. Unaweza kuja umeivaa ile suti, maana kama unatumia dawa yako itakukaa vizuri sana. Ama mlifute neno uhakika, muandike "Mungu akipenda", kama tufanyavyo sisi mafundi.

Nisalimie wote hapo ofisini, aliyetunga maneno, aliyepiga picha na aliyepanda ngazi kulibandika. Wasalimie na bakteria, rafiki kwa maadui.

Ni mimi, mwenye masikitiko na mkasi,
Fundi wa mkabala na duka la dawa.

Tanbihi: Barua nilikwisha kuifunga kwa gundi, nimeichana bahasha. Kabla sijaituma, juzi Mkwe alipita hapa. Nilipomwona nikajua amekuja kuvunja uchumba. Kumbe amefuata suti yake. Anasema hasira zilipomwisha alikaa akafikiri, akaona kwamba tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwona mwembamba, isipokuwa mimi. Mkewe hakuamini, dada yake alicheka, fundi aliamini mpaka akakata kitambaa. Machozi yalimlengalenga, na mimi vilevile. Jumamosi atakuja. Atavaa suti yake ya zamani, na hii ya kijivu ataibeba kwenye hanga, wageni waone atakavyokuwa. Tumekumbatiana, kitambi katikati. Binti amefungua mlango, na blanketi limerudi.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote sita yafutwe, na lile neno uhakika mlipake rangi upya, jua limeanza kulifubaza. Tangu habari za suti zisambae, watu wanakuja kutaka kukatiwa kwa kipimo cha tangazo. Mwalimu mkuu alikataa hata kuguswa na futi kamba, alinionyesha kwa kidole tangazo la dirishani tu. Kama mna tangazo jingine la ziada, nina nafasi ukutani. Mkwe anaomba makopo mawili, nami niongezeeni la kwangu, kwani suti yangu nimeshaikata tangu jana, na akiba sikuacha.