Nani Alimbeba Mwenzake Kule Kagera

Habari ilisomwa kwenye redio ya Bupe muuza kahawa saa mbili asubuhi, ukungu wa Iyunga hapa Mbeya haujainuka na malori ya Tunduma yanapita yamewasha taa. Wanajeshi wastaafu, hasa waliopigana vita vya Kagera, wafike kujiandikisha wapewe vitambulisho. Bupe akaacha kumimina kahawa. Sote tukamgeukia Kamanda.

Kamanda ni mzee Ambokile, miaka sabini na mbili. Jina tulimpa wenyewe, maana kila siku anapigana vita upya kikombe kikiwa mkononi. Mimi Saulo nashona viatu pembeni ya benchi la kahawa la Bupe, kwa hiyo vita vyote navijua kwa mpangilio. Wengine wasiokosa ni wawili. Tusajigwe tunamwita Wakili, kwa sababu ana kesi ya mpaka wa shamba, mwaka wa kumi na moja huu. Mihayo, mfugaji aliyehamia mjini kutoka Usangu, tunamwita Hereni, na sababu aliitoa mwenyewe tena asubuhi hiyo.

"Ng'ombe wangu mimi," alisema, "walivalishwa hereni za serikali, zina namba, mpaka saa sita mchana wamekwisha kuvalishwa wote. Ng'ombe hajawahi kushika hata rungu. Mzee wa watu kapigania nchi, ndo kwanza leo anaitwa."

"Lakini si ameitwa," Wakili akasema. "Kisheria huo ni wito. Usipoitika unahesabika hukuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

"Vitani."

"Sa ukishakuwa nacho hicho kitambulisho unapata nini?" Bupe akauliza.

"Hospitali hupangi foleni," Hereni akamjibu, kama vile kakiandika yeye. "Na trafiki akikuona anakupigia saluti."

"Kamanda hana gari."

"Atampigia hivyohivyo akitembea."

Kamanda alimaliza kahawa, akafunga vifungo vya koti, akaenda kujiandikisha. Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi, hata kashata hakugusa.

"Wanataka karatasi za jeshi," alisema mwishowe. "Zangu zililiwa na mchwa mwaka themanini na tisa. Kama huna karatasi, ulete shahidi. Mtu wa platuni yako, na awe hai."

"Si unaye Sedekia," Bupe akasema.

Sedekia tulikuwa tunamjua kuliko tunavyowajua mashemeji zetu. Ndiye yule ambaye Kamanda alimbeba mgongoni saa nne nzima kwenye kinamasi, ng'ambo ya mto Kagera, maji ya kifuani, mwenzake analia kumwita mama yake. Kwa miaka niliyokaa pale nimemsikia akibebwa si chini ya mara mia mbili.

"Sedekia yupo Igowole huko Mufindi," Kamanda akasema. "Ila hatuongei."

"Tangu lini?"

"Tangu muuza mbao mmoja alipotoka kule akaniambia Sedekia ana kijiwe chake. Anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenibeba mimi."

Hereni aliweka kikombe chini taratibu. "Kwa hiyo kwa Bupe tunalipia kahawa, kumbe siku zote tunanyweshwa chai."

Kamanda anajua kwamba mjini chai maana yake uongo. Hakugomba. Sisi tungependelea agombe.

Namba ya Sedekia aliitafuta Bupe kupitia huyohuyo muuza mbao. Sedekia akakubali haraka mno, mpaka Wakili akaingiwa na wasiwasi. Kumbe na kule Igowole redio zipo. Naye alikuwa ameambiwa alete shahidi, na mtu wa platuni yake aliye hai anamjua mmoja tu.

Alifika Alhamisi, mrefu, mwembamba, amevaa koti la suti na viatu vya mvua. "Kamwene," akatusalimu, akakaa ncha ya benchi. Kamanda alikuwa ncha ya pili. Kati yao tungeweza kukaa watu watano, tukakaa watatu.

Wakili alizipokea fomu mbili, akavaa miwani. "Hapa pameandikwa: eleza tukio mlilokuwa pamoja vitani. Sasa nisikilizeni wazee wangu. Fomu zote mbili zitasomwa na mtu mmoja, meza moja. Zikipishana, wote wawili hamkuwepo vitani."

"Andika nilimbeba," Sedekia akasema.

"Andika nilimbeba," Kamanda akasema. "Mimi."

"Ulikuwa mzito kama gunia la viazi, ungembeba nani wewe?"

"Nilikuwa na kilo hamsini na sita. Viazi ni vya kwenu Mufindi."

"Suala dogo hili," Hereni akaingilia. "Mbebane hapahapa. Atakayemwinua mwenzake mpaka pale kwenye nguzo, ndiye."

Sedekia alisimama akavua koti. Kamanda naye akaanza kukunja suruali. Bupe akatoka nyuma ya jiko na birika mkononi, akasimama katikati yao. "Mkivunjika viuno mimi sina pa kuwaandikisha. Kaeni."

Wakakaa. Wakili akapendekeza suluhu: nusu ya njia abebe mmoja, nusu abebe mwingine, kila upande ulinde heshima yake. Kamanda akasema atakubali kama nusu yake ndiyo ile ya maji marefu. Sedekia akasema maji marefu ni yake tangu zamani, kila mtu Igowole anajua. Ikawa saa tano, fomu bado nyeupe, mimi nimeshashona kiatu kimoja mara mbili.

Bupe alimimina kahawa, akampa mgeni. Halafu akamuuliza kwa sauti ya chini, bila utani. "Baba, anayebebwa huwa anaona mgongo wa mwenzake. Hebu niambie, huo mgongo ulikuwaje?"

Nilidhani Sedekia atasema yeye hakubebwa. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ulikuwa mpana," akasema. "Na alikuwa anaimba."

Kamanda hakuinua macho. "Kisukuma," akasema. "Nyimbo za kulima."

Hereni, Msukuma mwenyewe, aligeuka kumtazama.

"Aliitwa Kashindye," Sedekia akaendelea, na sasa alikuwa anaongea na Kamanda peke yake, juu ya vichwa vyetu. "Alikuchukua wewe kwanza."

"Mimi kwanza. Mguu ulikuwa umechanwa na kipande cha mzinga. Akaniweka pakavu, akasema nisiende popote. Ningeenda wapi. Halafu akakufuata wewe."

"Nilimwambia apumzike. Akasema kuna mwingine kule bado anaita."

"Na mimi nilimsikia huyo mwingine."

"Akarudi tena kwenye maji, hakutoka."

Lori lilipita, likafuatiwa na jingine, na redio ya Bupe ikawa inaeleza bei ya mbolea. Wakili ndiye aliyeuliza, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kama mwanasheria: kwa nini basi wasiseme hivyo miaka yote?

"Unarudi nyumbani," Kamanda akasema, "kijiji kizima kimekusanyika, wamechinja. Wanakuuliza ulifanya nini. Utawaambia nilibebwa?"

"Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nasema kweli," Sedekia akasema. "Walikuwa wanaondoka kabla sijafika katikati."

Wakili aliandika fomu zote mbili kwa mwandiko mmoja na maneno yaleyale: sisi wawili tuliokolewa na marehemu Kashindye, mimi nilimwona akimbeba huyu, na huyu aliniona nikibebwa. Tukaenda nao mpaka ofisini, kijiwe kizima, Bupe amefunika jiko. Mwandikishaji alikuwa mama mpole wa makamo, anaitwa Faustina. Alisoma fomu ya kwanza, akasoma ya pili, akairudia ya kwanza.

"Kwa hiyo wazee wangu, mnashuhudiana nyinyi kwa nyinyi, na aliyewaona wote ni marehemu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Namba yake ya jeshi mnaikumbuka?"

Wakaitaja. Waliitaja pamoja, tarakimu kwa tarakimu, kama wanafunzi wanaosoma ubaoni, hawakupishana hata moja. Mama Faustina akafungua daftari kubwa, akashuka na kidole ukurasa mzima, kidole kikasimama. Akachukua muhuri.

Vitambulisho vilitoka baada ya wiki tatu. Sedekia akaja kuchukua chake, na safari hii alikaa katikati ya benchi bila kuambiwa. Tulivipitisha mkono kwa mkono. Wakili alisoma mpaka maandishi ya nyuma. Bupe alisema Kamanda kwenye picha anafanana na mtu aliyefumaniwa. Kamanda akasema waliopiga picha walimkataza kutabasamu, na Sedekia akasema hapana, uso ni huohuo tangu mafunzo.

Hereni siku hiyo alichelewa. Alipofika alikuwa na simu sikioni, anaongea Kisukuma, harakaharaka. Zile wiki tatu zote, bila kutuambia, alikuwa amepiga simu kwa wajomba, kwa wachunga ng'ombe, kwa mchimbaji mmoja wa Makongolosi ambaye mke wake anatoka Usukumani, mpaka akapata ukoo.

"Huyu ni dada yake Kashindye," akasema, akiinyoosha simu. "Anaitwa Kulwa. Nimemwambia mpo hapa."

Kamanda aliipokea simu akampa Sedekia. Sedekia akaitazama, akamrudishia. Hereni akabonyeza spika akaiweka juu ya benchi, katikati yao.

"Shikamoo mama," Kamanda akasema hatimaye, akimwamkia mwanamke ambaye pengine yeye Kamanda kamzidi miaka kumi. "Sisi ni wale wawili."

Upande wa pili kuku walisikika kwa mbali. Halafu sauti ya mama mtu mzima ikasema polepole, "Barua iliyoletwa iliandikwa kwamba aliwatoa wenzake wawili. Haikuandikwa kama walipona. Baba alikuwa anauliza hilo mpaka anakufa. Kwani mlipona?"

"Tulipona, mama," Kamanda akasema. Alijifuta uso kwa kiganja. "Tulipona, tukaoa, tukapata watoto, tukazeeka. Huyu mwenzangu amezeeka sana."

"Mama, huyo usimsikilize," Sedekia akasema, akiivuta simu upande wake. "Ngoja mimi nikusimulie vizuri."