Wiki Yangu na Wifi kwenye Milima ya Jibini

Jumamosi, 3 Julai 2004. Arlington, Texas.

Wifi Everline amepiga simu kutoka Pearland. Ametimiza miaka hamsini na anataka kwenda kutembea milimani Ufaransa, bonde la Beaufort. Siku nne, kila siku njia yake, na jioni kurudi nyumba ile ile ya wageni. Mgonjwa wake mmoja hospitalini, bibi wa Kifaransa, alimsimulia bonde hilo na jibini lake wiki tatu mfululizo, hadi akaanza kuliota. Muuguzi mwenzake aliyepanga kwenda naye amejitoa. Je, mimi ningeweza?

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nikaongeza kwamba mimi ni Mtaita, nimezaliwa mlimani, nina miguu ya mbuzi. Kweli nimezaliwa mlimani. Nilihamishiwa Voi nikiwa na miaka mitano, na Voi ni tambarare kama meza. Hakuuliza.

Sababu halisi naiandika hapa tu. Wiki yangu ya kwanza ya ndoa, miaka kumi na saba iliyopita, niliketi dakika mbili wakati wa kuwapakulia wakwe chakula. Viatu vilikuwa vinabana! Everline akamwambia kaka yake, "Huyu wako anachoka." Neno likazunguka ukoo mzima. Limevuka bahari. Basi safari hii atachoka yeye kwanza, na atalitamka kwa kinywa chake.

Jumatano, 7 Julai. Arlington.

Mazoezi. Joto la nje lingeweza kukaanga yai. Nimehamia ndani ya maduka makubwa, kwenye kiyoyozi. Mizunguko miwili. Mzunguko wa pili nimepumzika kidogo kwenye duka la aiskrimu.

Annonciata, mwenzangu wa kazi pale kwenye nyumba ya wazee, ananifundisha Kifaransa wakati tukikunja mashuka. Yeye ni wa Masisi, anakaa mtaa wa Vickery Meadow. Amesema kwao Masisi pia kuna milima ya kijani, ng'ombe, na jibini la mviringo ambalo mama yake alilibeba kichwani hadi Goma. Aliposema hivyo aliacha kukunja. Nami nikaacha. Kisha akanionya kwamba mlima haudanganyiki. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Jumapili, 11 Julai. Beaufort.

Tumefika. Sina maneno, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Kijani juu ya kijani, juu yake miamba, juu yake theluji, mwezi wa Julai! Kengele za ng'ombe zinasikika bonde zima na huwaoni ng'ombe wenyewe. Everline alisimama kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, mikono kifuani, akamtaja yule bibi kwa jina. Bibi alifariki mwezi Machi. Nilitaka kusema jambo la kumfariji, nikasema njaa inauma.

Jumatatu, 12 Julai.

Mpango wa leo ulikuwa wa akili sana. Mkoba wa mgongoni wa Everline: maji, mkate, makoti ya mvua, dawa. Mkoba wangu: mto wa kitandani. Unaonekana umejaa, uzito wake ni wa manyoya. Nilipaa kama puto! Nusu saa nzima nilikuwa mbele yake.

Kisha kiu. Lisaa la pili ulimi ulikuwa kama soksi. Everline alifungua chupa yake, akaninywesha, akakata mkate vipande viwili sawasawa. Hakuuliza maji yangu yako wapi. Mwanamke huyu anapanda kama anayepanda ngazi za wodi, taratibu, hasimami, hahemi. Kwa kweli inavutia. Inaudhi pia.

Huko juu kuna nyumba ya mawe ya wachungaji. Mtengeneza jibini anaitwa Florent, masharubu makubwa, mikono mikubwa zaidi. Ng'ombe wake ni wa kahawia, macho yao yamezungushiwa weusi kama wamepakwa wanja. Nilijihisi sikuvaa vizuri. Alitukatia jibini la kiangazi cha mwaka jana. Nimekula jibini la Texas miaka kumi na tatu, lile la manjano kwenye plastiki. Naomba radhi kwa tumbo langu. Hili lilikuwa na ladha ya maua, ya siagi, ya majani baada ya mvua. Everline alifumba macho. Nami nilifumba, kisha nikayafumbua nione nani atayafumbua kwanza.

Jumanne, 13 Julai.

Ushindi! Nilimwambia Everline kwamba mimi nitapita njia ya juu, ngumu zaidi, tukutane kwenye ziwa. Alipopotea kwenye kona nikamsimamisha Florent, aliyekuwa akipeleka madebe ya maziwa kwa pikapu. Nikatumia Kifaransa cha Annonciata: mguu unauma, asante, Mungu akubariki. Nikalala chini ya turubai katikati ya madebe. Dakika kumi na tano.

Ziwa ni buluu ambayo sijawahi kuiona hata kwenye khanga. Nilikuwa nimeketi kwenye jiwe, mkavu, nimejipulizia manukato, Everline alipotokea lisaa limoja baadaye. Akavitazama viatu vyangu. Akasema, "Mama Sheldon, kweli wewe ni mtu wa mlima."

Nimengoja miaka kumi na saba! Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Baada ya chakula cha jioni ametandaza ramani. Kwa kuwa nina miguu ya namna hiyo, amesema, kesho tuchukue njia ndefu kuliko zote. Na nitangulie mimi.

Alhamisi, 15 Julai.

Jana sikuandika. Naandika sasa, mguu mmoja ndani ya beseni.

Njia ina alama za rangi nyekundu na nyeupe zilizopakwa kwenye mawe. Hadi saa sita nilizifuata vizuri. Kisha nikaona kijia kinachokata kushoto, nikasema hii ni njia ya mkato, watu wa mlima tunaihisi kwa nyayo. Everline akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Ukungu ukashuka kama mtu ameangusha blanketi. Hatukuona alama, hatukuona mlima, nilikuwa nikimwona Everline nusu. Nikasikia mawe yakiporomoka na yeye akipiga kelele. Alikuwa ameteleza. Kifundo cha mguu kilivimba palepale tukitazama.

Nilimvisha koti langu. Nilipiga mayowe ya Kitaita, ya Kiswahili na ya Kifaransa. Zilijibu kengele tu, kila upande. Mikono yake ilikuwa baridi, nikaiingiza kwapani mwangu kama tunavyowafanyia watoto. Sijawahi kumwona Everline akiogopa, na yeye alishawahi kumfukuza mwizi kule kwao Nyamira kwa mwiko.

Nikasema yote. Kwamba sijui mlima wowote. Kwamba mkoba ulikuwa mto. Kwamba nilipanda pikapu.

"Nilikuona," akasema. "Ulijifunika turubai, lakini mguu ulibaki nje. Kiatu chekundu."

"Sasa mbona ulinisifu?"

"Ulikuwa umefurahi sana, Mama Sheldon."

Kisha akasema la kwake. Hakuna muuguzi aliyejitoa. Hakuwahi kuwepo. Alikuwa amenunua tiketi mbili akitafuta namna ya kuniomba, kwa sababu tangu bibi yule afariki hataki kusafiri wala kula peke yake, na katika ukoo wote mimi ndiye ninayemchekesha. Miaka ishirini ya shifti za usiku, alisema. Akaegemeza kichwa begani mwangu. "Wifi, nimechoka."

Neno lenyewe! Kwa kinywa chake! Nilijua ningesikia tarumbeta moyoni. Sikusikia kitu. Nilimkumbatia tu, nikalia, naye akalia, kisha akaanza kucheka kuhusu kiatu.

Tulikaa hivyo kwa muda wa kama saa mbili. Ukungu ulipoinuka, nyumba ya Florent ilikuwa mbele yetu, hatua kama mia moja. Florent alikuwa mlangoni anakung'uta kitambaa. Alidhani yale mayowe ni maombi yetu, akaona si adabu kutukatiza.

Alimbeba Everline mgongoni kama gunia la unga, akamfunga mguu kwa kitambaa cha jibini, akatuketisha karibu na moto. Na hapo tukaona kazi yake mwanzo hadi mwisho. Sufuria kubwa ya shaba ambamo mtu angeweza kuingia. Aliingiza mkono kwenye maziwa yaliyoganda, akabana vipande vyake vidogo, akasikiliza kwa vidole. Hakutazama saa hata mara moja. Akazamisha kitambaa, akanyanyua mzigo mzima ukichuruzika, akaulaza ndani ya duara la ubao. Kilo arobaini. Baada ya hapo, alisema, ni kuligeuza jibini, kulisugua kwa chumvi na kulingoja chini kwenye baridi, miezi mitano au zaidi. Everline alinitafsiria kwa kutumia Kifaransa chake cha kitabuni. Alisema Florent anafanya kama muuguzi mzuri. Ni kweli. Nimeona watu wengi wakifanya kazi, sijaona mtu aliyeiheshimu kazi yake namna ile.

Nimeapa. Hakuna uongo tena. Nikirudi Texas nitasema yaliyotokea kama yalivyotokea.

Jumapili, 25 Julai. Pearland.

Leo akina mama wa kanisa la Everline walimtembelea kumpa pole ya mguu. Yeye, kwa wema wake, akawaambia kwamba bila mimi angebaki kule juu. Wote wakanigeukia. Huu ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema ukweli. Nilisimama. Nilivuta pumzi.

Dada mmoja mpole, Dorothea, akauliza kama jibini lile ni gumu kutengeneza.

Nikasema hapana, ni jepesi, mimi nilifundishwa na bingwa, ni maziwa na mikono tu. Everline alikohoa. Wakauliza kama ningeweza kuwatengenezea moja kwa sikukuu ya mavuno, mwanzoni mwa Oktoba. Watu mia tatu. Nikasikia sauti ikisema bila shaka, kilo arobaini, za Kifaransa kabisa. Ilikuwa sauti yangu.

Jumatano, 28 Julai. Arlington.

Nimenunua galoni mia moja za maziwa. Muuzaji aliniuliza kama nina shule.

Florent alisema miezi mitano, lakini Florent anakaa kwenye baridi. Texas kuna joto, litaiva mara mbili upesi. Hesabu nyepesi. Everline amepiga simu mara tatu, kila mara anaanza kucheka kabla hajasema kitu. Jumamosi anakuja kwa gari kutoka Pearland, na mkongojo wake, kunisaidia kukoroga.

Sufuria ya shaba sikupata. Hodhi la kuogea linatosha vizuri sana, nimelipima. Nimemwambia Baba Sheldon asioge hadi Oktoba.