Kadi za Neno Kuiga

Jumatatu, 4 Machi

Leo ndiyo leo! Mama Mhariri ametugawia maneno ya kamusi. Nimepewa kuiga na ndugu zake wote: kugeza, kufuatisha, kunakili, kudesa, kughushi. Jirani yangu wa meza, Mama Pacha, kapewa yale yale. Atakayeandika kadi bora ataajiriwa kabisa. Mwingine abaki kibarua. Mimi nina miaka sita ya ukibarua. Tunaishi chumba cha nyuma kwa shemeji, kaka wa mke wangu, na kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje kwa sauti ya mtu anayeuliza unahama lini. Mke wangu nimemwambia kazi iko mfukoni. Tayari ameanza kushona mapazia ya nyumba ambayo hatujaipata.

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika kadi moja. "Kuiga: kufanya kama afanyavyo anayeigwa." Nimeisoma mara tatu, nikaipenda. Mama Mhariri hakuipenda. Kasema nimetwanga maji kwenye kinu. Eti mtoto akimwiga baba yake kutembea, anajifunza. Mwanafunzi akidesa majibu ya mwenzake kwenye mtihani, haambulii kitu. Karani akighushi sahihi, anafungwa. Kila neno na uzito wake. Mh! Kumbe hii ni kazi.

Mama Pacha anaandika tu, kimya. Ana kadi tisa. Tisa!

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua jambo. Kila siku saa nne asubuhi Mama Pacha hutoka kwenda kunyonyesha pacha wake, kwa dada yake ng'ambo ya barabara. Nusu saa nzima! Kadi anaziacha wazi mezani, utadhani hana jirani.

Mimi si mwizi. Nimepitisha macho tu, kalamu ikayafuata macho. Maana, visawe, mifano, yote kwa mwandiko wangu. Kwa kasi ile hata mashine ya fotokopi ingeomba poo. Kusoma sikupata nafasi, lakini kazi nzuri huonekana hata kwa mbali. Na kuna nilichobadilisha: wino. Wake mweusi, wangu wa buluu. Nani atasema sina ubunifu?

Alhamisi, 7 Machi

Aibu yangu! Kikaoni Mama Mhariri ameniambia nisome kwa sauti mfano wangu wa kunakili. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasoma: "Kila nikienda kunyonyesha pacha wangu, jirani yangu wa meza hunakili kadi zangu."

Mpiga chapa wa ofisi akaniuliza kwa upole pacha wanaendeleaje. Nikajibu hawajambo. Mdomo wangu huu!

Nikajitetea kwamba mfano ni wa kubuni. Mama Mhariri akauliza mbona Mama Pacha naye amebuni vivyo hivyo, mpaka mkato. Mama Pacha hata hakunitazama. Kasema tu kwamba alikuwa anatafuta mfano wa ile methali, ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba, na sasa ameupata. Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, nisionekane nimeumia. Nimeumia.

Kazi amepewa yeye. Mimi nimepewa mpaka kesho saa sita mchana niandike barua ya kuomba radhi, kwa maneno yangu mwenyewe, la sivyo hata ukibarua basi. Mke wangu sijamwambia. Nimemkuta anapinda pindo la pazia huku anaimba. Ningeanzia wapi?

Ijumaa, 8 Machi

Tangu asubuhi nimeikodolea macho karatasi tupu. "Naomba radhi." Halafu? Mama Pacha nimemkosea, hilo nalijua, na roho inanisuta. Lakini maneno hayaji.

Mungu hamtupi mja wake! Kwenye kabati la mafaili nimekuta barua ya dereva wa zamani, ya kuomba radhi. Barua tamu, inaliza. Nimeinakili yote, nikabadilisha jina. Na safari hii nimekuwa mwerevu, nimeisoma kwanza. Mahali fulani anasema alirudi kinyumenyume bila kutazama, akaligonga geti la ofisi. Geti hilo halijanikaa vizuri, ila naona ni tamathali ya usemi. Nimeliacha, linatia uzito.

Nimeikabidhi saa tano na nusu, kabla ya muda. Mama Mhariri anaisoma sasa hivi. Kafika katikati, kasimama, kaenda dirishani kutazama geti.

Imemgusa.