Njia Tatu za Kuwa Muuguzi, na Mimi Njia Panda

Jumatatu, 3 Machi, Duluth, Marekani
Mzee Halvorson wa chumba cha mwisho, hapa makao ya wazee ninapofanya kazi, alishikwa na maumivu, akaning'ang'ania mkono. "Binti, nipe dawa basi." Siruhusiwi! Mimi msaidizi tu: naogesha, nalisha, nageuza. Tulimsubiri muuguzi mpaka mzee wa watu akatoa machozi. Basi. Nitasomea uuguzi, nimeapa. Ila nipite wapi? Chuo cha jamii, kile cha hapa mjini cha ada nafuu, stashahada, miaka miwili. Chuo kikuu, shahada, miaka minne. Mwisho wote wanafanya mtihani uleule wa leseni. Kichwa kinauma.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Colleen, mwenzangu wa zamu, naye anautaka uuguzi. Chuo cha jamii kilekile! Na nafasi zenyewe za kugombania. Nikamwambia, kwa huruma kabisa, kwamba stashahada imepitwa na wakati, siku hizi bila shahada huajiriwi. Akanikumbatia. "Verna, wewe ndiye rafiki." Nilikula keki mbili kwa ushindi. Ya pili ilinikwama. Je, kama nilichosema ni kweli?

Jumatano, 5 Machi
Nimemuuliza Ingrid, muuguzi wetu mkuu. Anasema hospitali nyingine hupendelea shahada, lakini wengi huanza na stashahada, wanaajiriwa, kisha wanajiendeleza. Akaongeza kwamba dirisha la maombi la chuo cha jamii linafungwa kesho adhuhuri, niache kuzurura. Kuzurura! Mimi natafiti. Na utafiti umezaa: chuo cha mtandaoni, miezi tisa tu, bila kugusa mgonjwa hata mmoja! Colleen ataisoma namba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepiga simu bodi ya wauguzi kuhakikisha. Nikasubirishwa asubuhi nzima na muziki wa kinanda. Mwishowe mama mmoja akauliza mazoezi ya wodini nitafanyia wapi. Nikasema sebuleni. Akanieleza, taratibu kama anayesema na mtoto, kwamba chuo hicho hakitambuliki, na mtihani sitaruhusiwa kuukaribia. Nikatazama saa. Adhuhuri imepita! Nilipoingia zamu, Mzee Halvorson akauliza kama nimeshachagua. Nikasema bado natafakari. "Tafakari haraka, binti. Mimi si wa kudumu." Akacheka. Mimi nilishindwa.

Ijumaa, 14 Machi
Colleen amepata chuo kikuu. Shahada! Na makao yetu yatamlipia ada, kwa kuwa aliomba. Kumbe unaomba tu? Ameleta keki, akatangaza mbele ya wote kwamba isingekuwa Verna, asingethubutu. Wakanipigia makofi. Ingrid hakupiga.

Jumamosi, 15 Machi
Sikupata usingizi, lakini nimepata jibu. Kosa langu nililenga chini. Udaktari! Lazima kuna njia fupi, watu wanaificha tu. Jumatatu nachimba. Na Colleen nimeshamdokeza, kwa huruma kabisa, kwamba ukitaka udaktari, wa mifugo ndio unaolipa.