Chumba cha Milango Miwili

Jumamosi, 6 Juni

Leo nimekamatwa tena. Viatu mkononi, soksi miguuni, nanyata kwenye korido ya nyumba yangu mwenyewe kama paka aliyeiba samaki. Zimebaki hatua mbili nifike mlangoni. Sauti ikatoka kwenye kiti.

"Mwanangu, viatu huvaliwa miguuni. Unakwenda wapi?"

Mama mkwe. Wiki ya kumi sasa tangu apasuliwe goti na kuletwa kwetu "kwa siku chache". Kiti chake cha sebuleni kinaona mlango wa mbele, mlango wa jikoni na korido nzima. Hata jenerali asingechagua mahali pazuri kuliko hapo.

Nikasema naenda ofisini. Akauliza ofisi gani hufunguliwa Jumamosi. Nikasema masjala, mafaili yamerundikana. Akasema hayo mafaili yana bahati, kuna wagonjwa hawatembelewi hivyo.

Dongo hilo nalijua lilikolenga. Daktari alisema mama atembee nje kila jioni, ashikwe mkono. Mke wangu ni muuguzi, jioni nyingi yuko kazini. Mkono uliopendekezwa ni wangu. Lakini mlango wa mbele una ngazi tatu, na ngazi moja huchukua dakika nne na dua mbili. Na kwa fundi baiskeli, nyumba ya nne kutoka kwetu, kuna ubao wa drafti, na pale mimi huitwa Profesa. Nani mwenye akili timamu ataacha uprofesa akashike mkono?

Nilirudi chumbani, nikajilaza kitandani, nikatazama ukuta. Nyuma ya ukuta kuna uwanja. Nyuma ya uwanja kuna barabara. Dirisha lina nondo, nilisimamia mwenyewe zikichomelewa. Kumbe mtu anaweza kujifunga jela bila hata kesi.

Ndipo wazo likanijia. Mlango! Chumba cha kulala chenye mlango wake wa kutokea nje! Najiuliza kwa nini watu hawanitumii kwa mambo makubwa ya taifa.

Jumapili, 7 Juni

Kikao cha familia. Nimeanza kwa busara. Nimesema kichwa cha nyumba lazima afikirie usalama. Moto ukianzia jikoni, ukaziba korido, sisi tulio chumbani tutatokea wapi?

Mke wangu akauliza nimejuaje jikoni kulipo.

Nikaendelea bila kujali. Bahati mbaya shemeji yangu alikuwepo. Huyu ni kaka wa mke wangu. Anaitwa Injinia kwa sababu aliwahi kushika ramani ya nyumba, kumsaidia mwenyewe isipeperushwe na upepo. Akakohoa. Akasema kitaalamu chumba cha kulala chenye mlango wa nje si chumba tena, ni njia. Akasema wezi watanishukuru kwa kuwaondolea usumbufu wa sebule. Akachora mchoro nyuma ya bahasha. Kwenye mchoro nimelala, na mwizi ananifunika shuka vizuri kabla ya kuondoka. Yeye na mke wangu walicheka. Mimi nilitabasamu kwa jino moja.

Mama mkwe hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mlango huo utakuwa na ngazi. Injinia akasema lazima ziwepo. Kwa hiyo nikasema hazitakuwepo hata moja. Sina habari na ngazi, lakini sikubali kukubaliana na Injinia.

Mke wangu akafunga kikao. Hakuna mlango. Na ukuta wa chumbani usiguswe, hata kwa msumari wa kalenda.

Nimeheshimu uamuzi huo kwa saa nzima. Kisha nikakumbuka kwamba Jumatano anakwenda kwenye mafunzo ya kazini na atarudi Ijumaa.

Jumatano, 10 Juni

Mke ameondoka asubuhi. Nimempungia mkono hadi gari likakata kona. Sikumbuki kumpenda kiasi hiki tangu harusi.

Nimeomba ruhusa ofisini kwa sababu za kifamilia. Mwashi amefika saa tatu. Aligonga ukuta kwa vidole, akaweka sikio, kama daktari anayesikiliza kifua. Akauliza kama mama mwenye nyumba anajua. Nikamwambia ndiye aliyelisimamia jambo hili tangu mwanzo. Akatikisa kichwa, akasema yeye ameshavunja kuta nyingi na ndoa mbili, anauliza tu.

Nyundo ya kwanza ilitikisa nyumba nzima. Mama mkwe akaita kutoka sebuleni, kuna nini huko. Nikaenda kumtuliza. Nikasema ni majirani wanabomoa choo chao.

"Aa," akasema. "Majirani hodari. Mpaka vumbi la kwao linatokea chini ya mlango wako."

Nikageuka. Kweli, vumbi lilikuwa linatambaa kwenye korido kama ukungu. Nikasema upepo wa siku hizi hauna adabu. Akasema na waongo wa siku hizi hawana mazoezi.

Lakini hakuuliza tena. Akaendelea kufuma. Nimemziba mdomo!

Alhamisi, 11 Juni

Tundu limekamilika. Kubwa, zuri, jua linaingia mpaka kwenye shuka. Kuna tatizo dogo tu. Mimi nilipima kutoka ndani, mwashi alipima kutoka nje, na vipimo vyetu havikukutana popote. Mlango umeangukia mkabala wa kitanda, upande wa mke wangu. Ukifungukia ndani utampiga kichwani. Mwashi anasema hilo si kosa, ni sababu ya kuufungulia nje. Kila fani ina washairi wake.

Seremala hataleta mlango mpaka kesho. Nimetundika pazia.

Pazia halikumzuia kuku wa jirani. Nilipotoka kunawa, nilimkuta ametulia kwenye mto wa mke wangu, macho nusu, kama mgeni wa hoteli. Alipoondoka aliacha yai. Nimelichukulia kama ishara ya baraka, nikalikaanga.

Jambo jingine. Nilipokuwa dukani kutafuta bawaba, mwashi alimwaga saruji iliyobaki chini ya mlango, ikawa mteremko laini mpaka uwanjani. Akapachika na bomba la chuma pembeni, kama la kushikia. Nikamuuliza nani kamtuma. Akasema upande huu udongo uko juu, kuchonga ngazi ni kupoteza muda. Na bomba? Akasema ni urembo. Nilimwona akichungulia sebuleni kabla ya kujibu, lakini sikutilia maanani. Mafundi ni watu wa macho juu juu.

Ijumaa, 12 Juni

Mlango umepachikwa saa nne. Mbao ngumu, kitasa kinang'aa. Nimeingia na kutoka mara kumi na saba.

Mke amerudi saa tisa alasiri. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba ya moto. Sikupata nafasi. Alisimama katikati ya chumba na begi begani. Akatazama mlango. Akatazama kitanda. Akaokota unyoya kwenye mto wake, akauinua usawa wa dirisha, akautazama kwa muda mrefu.

Nilitegemea kelele. Kelele nazimudu, nina uzoefu nazo. Badala yake akasema taratibu sana:

"Mume wangu, naona umenifungulia njia ya kuondokea."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Akachukua mto, akachukua kanga zake, akahamia chumba kidogo kwa mama yake. Nilimfuata koridoni nikimweleza kuhusu moto. Akasema moto ninaouogopa sijauona bado.

Injinia akafika baada ya nusu saa. Habari mbaya haimpitii yule. Akapiga picha za mlango pande zote, akasema atazitumia kufundishia. Kumfundisha nani? Hata darasa hana.

Chumba ni kikubwa bila mtu. Sikulitegemea hilo. Nimekaa kitandani nikitazama kitasa, na kwa dakika kadhaa hakikung'aa sana. Nadhani ni vumbi.

Jumamosi, 13 Juni

Lakini mlango upo, na drafti ipo! Asubuhi saa nne nimevaa viatu miguuni kama raia huru. Nimefungua, nimetoka, nimeshuka mteremko nikipiga mluzi. Sebuleni hakuna aliyejua. Laiti kiti kile kingekuwa na macho nyuma.

Kwa fundi baiskeli nilipokelewa kwa heshima zangu zote. Profesa amerudi! Nikamfunga mwenye banda mara mbili, nikamfunga fundi cherehani mara moja bila kunyang'anywa kete hata tano. Nilikuwa naeleza siri ya ubingwa wangu, kwamba lazima uone mbele, ndipo kivuli kikaangukia ubao.

"Sogea kidogo mwanangu, nikae."

Mama mkwe. Fimbo mkononi, jasho usoni, kanga imekaa upande. Amekuja peke yake. Amepita chumbani kwangu, akashika lile bomba, akashuka mteremko, akatembea nyumba nne nzima. Nikamuuliza kwa sauti iliyokatika, amejuaje niko hapa. Akasema wiki kumi nimekuwa nikirudi kutoka masjala na grisi ya baiskeli kwenye suruali.

Banda zima likaanguka kwa kicheko. Kisha akauliza kama mwanamke mzee anaweza kusogeza kete moja mbili, ajifunze.

Ajifunze! Alinifunga bao la kwanza kabla sijajua tumeanza. La pili alinila kete tatu kwa mruko mmoja, akaniomba radhi. La tatu sitaki kuliandika. Ilifahamika baadaye kwamba marehemu mumewe alikuwa na banda la drafti na kwamba Mama ndiye aliyemfundisha mumewe kucheza. Fundi baiskeli akasimama, akafuta mikono, akampa kiti chenye mgongo. Kiti changu.

Nilimrudisha nyumbani. Hakuna mwingine wa kumrudisha. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Kwenye mteremko akasimama, akauinua uso kwenye jua, akafumba macho.

"Wiki kumi nimekuwa naliona jua kwenye sakafu tu," akasema. "Linaingia saa tatu, linatoka saa saba. Nilishaanza kulionea wivu."

Nikamshika mkono vizuri zaidi, tukasimama pale mpaka alipotosheka. Mteremko ni laini, mtu huweza kuteleza.

Jumapili, 14 Juni

Kikao kingine. Mama mkwe amesimulia safari yake yote, hatua kwa hatua. Mke wangu alilia. Kisha akaniangalia mimi, akalia tena, vizuri zaidi.

Ikajulikana kwamba mteremko na bomba aliviagiza mama mwenyewe. Alimwita mwashi dirishani nilipokwenda dukani, akamwambia asiniambie kwa sababu ningetaka kuchangia mawazo.

Injinia akakohoa. Akasema kitaalamu yeye tangu mwanzo aliona chumba cha mgonjwa kinahitaji mlango wa nje, ndiyo maana akachora. Nikamkumbusha mwizi na shuka. Akasema sikuuelewa mchoro.

Kisha ukaja uamuzi. Chumba chenye mlango kinafaa kwa mtu mwenye goti. Mtu mwenye goti si mimi. Kwa hiyo mama anahamia chumba kikubwa, na sisi tunahamia chumba kidogo, chenye kitanda cha futi tatu na nusu na masanduku manne. Kura zilikuwa tatu. Yangu haikuombwa.

Tulipokuwa tukibeba godoro, mke wangu akanisimamisha koridoni. Akanitaka nimwambie ukweli, tundu lile nilimtobolea nani. Nikasema nilimtobolea Mama. Sikupepesa jicho. Akanitazama jinsi anavyotazama kipimajoto, akisubiri joto lipande. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakalia godoro, na mimi nikakaa pembeni yake, tukaziba njia kwa muda mrefu. Alisema ameolewa na mjinga, lakini mjinga ambaye hata makosa yake yana matumizi. Nimelihesabu kuwa msamaha.

Jumatano, 17 Juni

Mambo yametulia. Kila jioni nikitoka kazini namshika Mama mkono, tunashuka mteremko, tunakwenda kwa fundi baiskeli. Mke wangu anatusifu kwa majirani. Daktari ameshangazwa na goti. Mwashi amepata kazi mbili za milango ya namna ile, na anasema wazo ni lake.

Tatizo ni moja. Sasa Profesa ni Mama. Mimi naitwa Dereva. Nakaa nyuma ya kiti nikishika fimbo, na nikifungua mdomo kushauri, naambiwa dereva haongei na abiria. Hii si hali ya kuvumiliwa na mtu mwenye kipaji. Kule sokoni, kwa muuza vioo, kuna ubao mwingine ambako hakuna anayemjua mama mkwe wa mtu. Ni jambo la kutoka tu nusu saa kabla ya Mama kuamka usingizi wa mchana, bila kupita sebuleni.

Nimekitazama chumba hiki kidogo kwa makini. Ukuta wa mashariki ni wa tofali moja. Mke ana semina nyingine Jumatatu.

Sifikirii mlango, Mungu anihurumie! Mtu mzima hujifunza. Nafikiria dirisha. Afya ya mapafu, hewa safi, yeye mwenyewe ni muuguzi ataelewa. Refu kidogo, linaanzia sakafuni. La mbao. Lina bawaba tatu na kitasa.

Nimeshamwambia mwashi. Ameuliza tu kama mama mwenye nyumba anajua.