Vita vya Isidore na Ndakala Elfu Moja

Jongeeni, enyi mlioketi na mliosimama, wenye masikio mawili na mwenye moja zima! Wekeni sahani chini, mnyamazisheni na mbuzi huyo, maana habari hii ikiwapita mtabaki mkijua tu vile vita vidogo vidogo ambavyo wafalme walipigana kwa farasi na mizinga. Mimi nawaletea kubwa. Nawaletea Isidore, Simba wa Sauti ya Nne, Ngurumo ya Safu ya Nyuma, mtu ambaye akiimba besi kuku huingia ndani wakidhani mvua inakuja. Naye alishuka kupiga kambi ufukoni pa Lweba, akapigana na jua, na samaki, na mama mmoja mwenye mwiko.

Ilikuwa hivi. Kwaya ya watu thelathini ilitoka Fizi-Centre ikaja kando ya ziwa kwa siku tatu za mazoezi, ikasimamisha turubai saba juu ya mchanga, na kila mmoja akaja na simu yake iliyojaa moto. Siku mbili za kwanza mawingu yalitoka upande wa Ubwari yakakaa juu ya kambi kama wageni wasioambiwa kwaheri. Simu zikafa moja baada ya nyingine, zikianza zile zenye kelele nyingi. Ya Isidore ilikufa siku ya kwanza. Ya mwisho ilikuwa ya Raphaël, mwongoza kwaya, nayo ilikata roho akirekodi «Aleluya», ikarekodi «Ale».

Lakini Isidore hakutetemeka. Katika mfuko wake ililala Ngao Nyeusi, yaani panneau ya jua ya kuchajia simu, inayokunjwa kama Biblia na kufunguliwa kama mkeka, zawadi ya mume wa binti yake. Aliisifia asubuhi, aliisifia mchana, aliisifia watu wakila. Ilikuwa bado haijachaji kitu.

Siku ya tatu mbingu zikafunguka, jua likatoka na hasira zake zote, na pamoja nalo akatoka Fabien wa taxi-moto, amejaa vumbi, akapiga kelele kabla hajazima pikipiki.

«Papa Isidore! Binti yako Nadège alizala leo asubui kule Uvira! Mutoto mwanamuke! Bote bazima!»

Vigelegele vikapanda mpaka ndege wakahama.

«Ngoja, ngoja, sijamaliza. Infirmière wa hospitali anaandika jina leo. Nadège atakupigia saa tisa. Kama simu yako haiite, papa Albert njo atatoa jina. Na amekwisha sema yake: Albertine.»

Hapo uso wa shujaa ukageuka. Albert huyo ni baba wa mume wa Nadège, na siku ya ndoa wazee wawili hawa waliapa mbele ya watu: wa kiume atapewa jina na Albert, wa kike na Isidore, na jina litoke katika kinywa cha babu mwenyewe, lisitumwe kwa mtu wala kwa karatasi. Isidore alikuwa na jina moja tu, Florentine, la mama yake, na tangu walipomzika alilibeba miaka minne kama mtu anayebeba kaa la moto akitafuta pa kuliwashia jiko.

«Panda, papa,» Fabien akasema. «Mujini Baraka iko groupe, jenereta ya mazuti, inanguruma tangu asubui; hata simu yangu inachaji kule. Unachaji kidogo, unaongea na mutoto wako, nakurudisha.»

Mtu mwenye akili za kawaida angepanda. Lakini mashujaa hawakupewa akili za kawaida. Isidore akaweka mkono kiunoni, akatoa hotuba.

«Fabien, we mutoto! Mi niende kuomba umeme ya mazuti, na jua yangu iko hapa juu ya kichwa? Muntu mwenye shamba ya muhogo anaenda kuomba maganda? Kwenda! Ambia Baraka yote: Isidore anachaji na mbingu!»

«Sawa, papa,» Fabien akajibu akiwasha pikipiki. «Mbingu ikikosa kamba ya kuchaji, uniite.» Akapotea kwenye milima ya Fizi, asionekane tena siku hiyo.

Saa nne kamili Isidore akaitandaza Ngao Nyeusi juu ya jiwe kubwa, akafunga waya, akaifunika simu kwa kofia yake isiungue, akaenda mazoezini kwa mwendo wa jemadari. Jambo moja tu alisahau, dogo ambalo majemadari wakuu husahau: kuweka mlinzi.

Aliporudi saa nane, akainua kofia. Simu ilikuwa nyeusi kama chungu. Akaibonyeza, akaisugua, akaiita kwa jina la kampuni yake. Kimya. Ndipo akaitazama ngao, na ngao haikuwapo. Mahali pake palikuwa na jeshi: ndakala elfu moja, samaki wadogo wa ziwa, wamevaa deraya za fedha, wamelala bega kwa bega, macho wazi, wasiojua hofu kwa sababu walikwisha kufa tangu alfajiri. Na kando yao, mwiko mkononi, akifukuza nzi, alisimama Mama Pulchérie, mpishi wa kwaya na binti wa Lweba.

«Mama Pulchérie! Nani ameweka samaki juu ya panneau yangu?»

«Ni mi. Sasa?» Hakugeuka hata shingo. «Hii meza yako inakamata moto kuliko muchanga. Nikasema, kumbe huyu papa iko na akili, ameletea bamama kichanja ya kisasa.»

«Hii si kichanja! Hii ni mashine!»

«Mashine ya nini?»

«Ya kukula jua!»

«Na samaki inakula jua. Zikule pamoja, sahani iko moja.»

«Toa! Sasa hivi!»

«Gusa moja uone.» Mwiko ukapanda. «Jua ni ya Mungu, haikuandikwa Isidore. Siku mbili mawingu, hizi zikioza leo, watu makumi tatu watakula nini? Utaimba ile besi yako na tumbo gani?»

Isidore alitazama mwiko, akatazama jua linavyoinama, akamwona Albert kule Uvira anajipangusa mdomo tayari kusema. Basi Simba wa Sauti ya Nne akaketi mchangani, na sauti iliyotoka haikuwa ya nne wala ya tatu.

«Dada. Ni jina ya mutoto. Jina ya mama. Florentine.»

Mwiko ukashuka.

«Mama Florentine? Ule alinifundisha kuanika ndakala, moja moja, bila kulundika?»

«Ule ule.»

«Na unanipigia kelele ya mashine, husemi! Banaume, Mungu akawaunganishia domo bila akili!»

Akavua kitenge cha kwaya, kipya, akalizolea jeshi zima ndani yake kwa mkono mmoja. Akakamua ndimu, akayasugua mafuta ya samaki yakatoka kwenye ngao mpaka ikang'aa. Saa nane na nusu simu ikafumbua jicho: asilimia moja. Na papo hapo wingu likaja kutoka Ubwari.

Hapo, ndugu zangu, ndipo historia ilipokimbia kwa miguu minane. Waimbaji wanne wakaiinua Ngao kama machela ya mwami, mfalme wa huku, wakakimbiza ufukoni kile kipande cha jua kinachokimbia, Isidore nyuma yao amefungwa kwa waya kama mbuzi wa sadaka, Mama Pulchérie mbele akipiga kelele: «Huku! Jua iko huku, bapumbavu!» Wakaifikia ile miamba ambako rezo, mtandao wa simu, hukamata. Asilimia nne. Simu ikalia.

«Alo, papa?» Ni Nadège. «Infirmière iko hapa, semesha yeye.»

«Jina ya mutoto?» ikauliza sauti kavu.

Na wakati huo huo Isidore akaona bata watatu wanakishambulia kitenge kilichoachwa mchangani. Kabla hajajizuia akanguruma: «Ndakala!»

«Ndakala,» sauti ikarudia polepole, kalamu ikikwaruza. «Na k, ama na g?»

Nyuma yake mzee mmoja alisikika akicheka kwa raha kubwa. Asilimia mbili.

«Hapana! Madame, futa! Futa! Florentine! F ya Fizi! Florentine, jina ya mama yangu!»

«Flo… ren… ti… ne,» ikasema kalamu. «Sawa. Nimeandika.» Kicheko cha Albert kikakatika, Nadège akaanza kulia au kucheka, na simu ikafa.

Kwaya ikapiga vigelegele kwa sauti zote nne. Raphaël akaagiza jambo hilo litiwe katika daftari la mikutano, chini ya kipengele cha «Mengineyo», na likatiwa. Mama Pulchérie alikuwa amekwisha kwenda kupigana na bata.

Na ijulikane basi, kuanzia Lweba hadi Minembwe, kwamba kwa asilimia nne za jua, zenye harufu ya samaki, mwanamke aliyezikwa miaka minne iliyopita aliitwa tena kwa sauti kubwa, akapewa umri wa nusu siku. Wako wafalme waliosimamishiwa sanamu kwa kazi ndogo kuliko hiyo, na sanamu zenyewe hazifanani nao.