Ladha ya Biri Namba Nne

Jumatatu, 3 Februari

Jambo hili sijamwambia mtu, hata padri. Sijawahi kuvuta biri. Hata moja. Hata pumzi moja.

Kwa msichana wa miaka kumi na sita lisingekuwa jambo la ajabu. Tatizo ni kwamba kwa miaka miwili sasa ninaandika kwa Kiingereza maelezo ya ladha ya biri za babu yangu, na kuzipa alama. Huko Hamburg kuna klabu ya wapenzi wa biri wanaoyasoma kwa sauti baada ya chakula. Wanadhani ni maneno ya Babu.

Babu Eusebio ni fundi wa kusokota tumbaku, mwenye karakana ya meza tisa hapa mjini Tamboril. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, huonja biri moja, theluthi tu, kisha huiweka chini ijizimie yenyewe. Halafu hutoa hukumu. Anazo tatu. Inavuta. Haivuti. Mpeni mkwe wangu.

Mimi ndiye niliyesomeshwa shule ya lugha mbili, kwa hiyo mimi ndiye mtafsiri. "Inavuta" nikaitafsiri hivi: njugu za kukaanga, tandiko jipya la farasi, mwisho wenye utamu wa asali. Alama tisini na mbili. Daima tisini na mbili. Tisini na moja inaonekana huruma, tisini na tatu inaonekana majivuno.

Njugu nazijua. Tandiko ni mkoba wa ngozi wa mwalimu wangu wa Kiingereza, Bi Casilda, unaokaa mbele ya pua yangu kila Jumatano.

Sasa imekuja barua. Rais wa klabu, Bwana Detlef, anafika Jumamosi. Ataonja biri za karakana tano, zikiwa zimevuliwa pete zao za karatasi na kupewa namba tu. Moja itakuwa biri ya klabu mwaka mzima. Babu akichaguliwa, meza zote tisa zitafanya kazi. Sasa hivi zinafanya kazi nne. Asipochaguliwa, chumba cha karakana atampangisha muuza vipuri vya pikipiki, ambaye ameshakuja mara mbili kupima mlango.

Mwisho wa barua Bwana Detlef anasema ana hamu kubwa na yale maganda ya machungwa.

Maganda ya machungwa! Nimekumbuka. Siku ile niliandikia jikoni, chini ya maganda ya Bibi.

Jumanne, 4 Februari

Nimepima njia zilizopo. Ya kwanza, kusema ukweli. Imekataliwa. Ya pili, kuufanya uongo uwe kweli.

Tumbaku hunywa harufu. Hapa hata watoto wachanga wanajua. Babu aliwahi kumrudisha msokotaji nyumbani kwa sababu ya mafuta ya nywele. Basi biri ikilala siku tatu na maganda ya machungwa, itaamka chungwa. Sayansi.

Bibi Zunilda huyatundika maganda kwenye msumari juu ya jiko, ya chai. Nimechukua utepe mmoja. Biri sita alizozichagua Babu kwa Jumamosi nimezitoa kabatini, nikazilaza na maganda ndani ya kisanduku. Mahali pake nimeweka sita nyingine. Hakuna aliyeniona.

Isipokuwa Rosendo. Huyu ni binamu yangu, ana miaka kumi na tisa, huvuta biri amefumba macho, na katika kila biri duniani husikia mwerezi. Aliniuliza mbele ya wasokotaji kwa nini ninanuka chai. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo sifa yangu mjini. Akasema, "Bubu wetu huyu, hicho Kiingereza chote anakiweka wapi?"

Wakacheka bila kuinua macho mezani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikustahili hata kuangaliwa.

Alhamisi, 6 Februari

Rosendo ananinusa kila nikipita. Hatari. Nimehamisha kisanduku hadi chini ya kitanda cha Bibi. Huko hainami mtu. Bibi mwenyewe hawezi, magoti yamekataa.

Nimejipongeza kwa sahani ya pili ya ndizi za kuponda.

Ijumaa, 7 Februari

Biri sita zimerudi kabatini. Nilizinusa kwanza. Chungwa lipo, kwa mbali. Na kitu kingine kipo, kwa karibu.

Nikarudi chini ya kitanda na tochi. Pale pale palipokuwa na kisanduku pana chupa ya dawa ya kuchua ya Bibi. Spiriti, kafuri na majani ya kunukia. Hujichua nayo miguu kila jioni, tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Kizibo kimelegea.

Kuzibadilisha siwezi tena. Rosendo ameketi mbele ya kabati akijifunza kupuliza pete za moshi.

Nimeamua kwamba pua yangu imechoka.

Jumamosi, 8 Februari

Ukumbi wa halmashauri. Meza ndefu, chai chungu ya kusafishia ulimi, mafundi watano wanaoonja pamoja na mgeni, watazamaji kama wa mchezo wa besiboli. Bwana Detlef ni mrefu, mpole, ana daftari jeupe na kikato cha ncha za biri kinachoning'inia shingoni kama kipimo cha daktari. Mimi nikasimama kati yake na Babu. Nje ya darasa sijawahi kusema Kiingereza na mtu, huwa nasema na karatasi.

Namba moja, themanini na nane. Namba mbili, tisini. Namba tatu ilizimika mara mbili, na fundi wake akajikuta anatazama dari.

Namba nne ilikuwa yetu. Babu akavuta mara moja. Akavuta tena, jambo asilolifanya kamwe. Akaiangalia ile biri kama mtu aliyemkuta mkewe akicheza dansi kwenye sherehe asiyoalikwa.

Bwana Detlef akaniomba nimuulize fundi mkuu anasikia nini.

Babu hakuharakisha. Akasema, "Nasikia miguu ya mke wangu."

Ukumbi wote ukacheka. Rosendo akalazimika kuegemea ukuta. Bwana Detlef akanigeukia, kalamu tayari, akitaka kujua kicheko ni cha nini.

Nilitafsiri. Nilisema fundi anasikia majani ya kunukia, kafuri kidogo, na ndoa ya miaka arobaini na minane.

Bwana Detlef akaweka kalamu chini. Akavuta, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mpaka watu wakaacha kucheka. Kisha akasema chungwa nalo lipo, mwishoni kabisa, kama alivyoahidiwa.

Alama tisini na sita. Mimi sijawahi kuthubutu tisini na sita. Namba tano ikapata themanini na tisa.

Tumeshinda! Wasokotaji wamenishika mkono, mmoja mmoja. Bwana Detlef alikuwa na chupa ya manukato kwa ajili ya mke wa fundi. Bibi akasema yeye ana harufu yake tayari, inajulikana hadi Hamburg, akanipa mimi.

Jumapili, 9 Februari

Babu aliniita kwenye meza ya domino, kabla wenzake hawajafika. Akauliza nilimwambia nini yule Mjerumani. Nikamwambia. Akapanga vipande vyake kwanza.

"Kwa hiyo kanunua miguu," akasema.

Akauliza imeingiaje. Nikakiri kisanduku, maganda na kitanda. Ile miaka miwili ya njugu na tandiko sikuigusa, kwa kuwa hakuiuliza. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba klabu imeagiza biri asiyoijua na asiyotaka kuijua. Niandike barua kwa Kiingereza, nieleze ukweli wote. Yeye atasokota biri ishirini na tano kwa mikono yake, safi, ziende pamoja na barua. Bwana Detlef aonje upya. "Akizipenda, azipende zikiwa zangu. Akizikataa, mwenye vipuri aje na futi yake."

Nikasema sawa, Babu. Nilimaanisha kabisa, mpaka nilipofika mlangoni.

Jumanne, 11 Februari

Babu amesokota siku mbili. Vidole vyake vinavimba, lakini hakukubali msaada. Biri ishirini na tano ziko hapa mezani kwangu, kisanduku wazi, zinangoja barua. Nzuri sana, naambiwa. Rosendo alionja moja ya ziada. Hakusikia mwerezi. Nilidhani anaumwa.

Barua nimemaliza. Ni ukweli mtupu, kwa mtu anayesoma polepole. Inasema kwamba namba nne ilitunzwa kwa njia ya kifamilia isiyoweza kurudiwa. Kwamba hizi ni wadogo zake. Njugu za kukaanga, tandiko jipya, ganda la chungwa. Tisini na mbili. Babu atatia sahihi tu, Kiingereza hajui. Hakuna kitakachoharibika safari hii.

Isipokuwa nilipokuwa naandika "njugu" niligonga chupa ya manukato. Ukurasa huu umelowa nusu. Yasmini.

Nasikia hatua kwenye korido. Ndala za Babu. Na viatu vya kisigino. Babu hana viatu vya kisigino. Mchana alisema atatafuta mtu wa kumsomea barua kabla hajatia sahihi, nami nikadhani ni Rosendo, ambaye angesoma "mwerezi" kila mstari. Bi Casilda anavaa visigino. Ule mkoba nausikia kutoka hapa.

Nauchana ukurasa huu. Godoro, hapana, Rosendo akipekua huanzia hapo. Droo haifungi. Kisanduku kiko wazi, biri zimelala tabaka mbili, na katikati yake karatasi moja inaenea vizuri. Manukato yenyewe ni kidogo tu. Nani atasiki